Jiolojia (masomo ya chuo kikuu)

Jiolojia ni fani ya sayansi inayochunguza miamba, madini na historia ya dunia. Nchini Tanzania hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya Shule Kuu ya Madini na Jiosayansi, na katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Wengi wanaojiunga wametoka michepuo ya sayansi ya kidato cha sita.

Mwanafunzi huanza na utambuzi wa madini: rangi, mng'ao na ugumu kwa kipimo cha Mohs cha mwaka 1812, ambapo ulanga ni 1 na almasi ni 10. Tone la asidi hafifu likichemka juu ya jiwe, huenda ni chokaa. Maabarani, kipande cha mwamba hubandikwa kwenye kioo na kusagwa hadi unene wa milimita 0.03 ili mwanga upenye. Chini ya hadubini ya mwanga uliopolaraishwa, kwazi huonekana kijivu. Akiiona ya njano, kipande bado ni kinene, arudi kusaga.

Hata hivyo, jiolojia hukaa miguuni zaidi kuliko darasani. Kazi ya uwandani humtaka mwanafunzi atembee juani na nyundo, lenzi na dira, akipima mwelekeo na mwinamo wa matabaka kisha kuchora ramani. Tanzania ina utajiri wa pekee kwa somo hili: Ol Doinyo Lengai ndiyo volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya kabonati ya sodiamu, nyeusi inapotoka, nyeupe baada ya siku chache.

Wahitimu huajiriwa migodini, kwenye uchimbaji wa visima na katika Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma.