Mkuki, Gobori na Sheria

Methali isemayo kuwa mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, hukumbukwa kwa funzo lake. Kwa mtafiti wa historia ina ushahidi mwingine pia: walioitunga walimjua nguruwe kuwa ndiye windo la kawaida la mkuki. Silaha katika nyumba za mababu zetu ilikuwa kwanza chombo cha kulinda shamba na zizi. Nguruwe mwitu na viboko walikula mahindi na mpunga. Simba na chui walinyemelea mifugo, na pengine watu. Vita vilikuja na kupita, lakini nguruwe alikuja kila msimu.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kabla ya ukoloni kila mtu alijichukulia silaha apendavyo. Kwa Wamaasai mkuki uliambatana na rika la morani. Katika miji ya pwani upanga na jambia vilionyesha uungwana wa mwenye kuvivaa. Mila ndiyo iliyokuwa sheria, na aliyeivunja aliwajibika mbele ya wazee waliomjua.

Bunduki ilibadili mizani. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka. Nyingi zilikuwa silaha kuukuu zilizoachwa na majeshi ya Ulaya, na hatuna budi kukiri kuwa zilitumika sana katika biashara ya watumwa. Kwa hoja hiyo mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba tarehe 2 Julai 1890, yakazuia uingizaji wa bunduki na baruti katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta. Gobori za jiwe na baruti ya kawaida ziliweza kuuzwa chini ya usimamizi wa serikali. Bunduki za kisasa zilihitaji kibali cha mtu binafsi, nacho kilitolewa kwa mwenye dhamana ya kutosha, au kwa msafiri mwenye hati ya serikali yake ikieleza kuwa silaha ile ni ya kujilinda tu. Haki ya kujilinda, basi, iliandikwa mkatabani. Lakini ni wakulima wangapi wa Umatumbi ambao wangeweza kuonyesha hati au dhamana ya namna hiyo?

Ni huko huko Umatumbi ambako Vita vya Majimaji vilizuka mwezi Julai 1905. Wapiganaji walikwenda na mikuki, mishale na gobori kukabili bombomu za Wajerumani. Walioshindwa walidaiwa kukabidhi silaha zao. Wakati huo huo majeshi yalichoma vijiji na akiba za vyakula kwa makusudi, ikafuata njaa ambayo Wangoni waliiita fugufugu. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo kuwa 75,000; baadhi ya wanahistoria wa baadaye wametaja hadi 300,000.

Kwa maoni yetu hapa ndipo amri ya silaha ilipouma zaidi, ijapokuwa vitabu hupita haraka. Waliosalia walirudi kulima wakiwa wachache, wengi wao hawana gobori wala mkuki, wakakuta nguruwe na tembo wameenea palipokuwa na vijiji. Sheria ya uwindaji ya mwaka 1896 haikudai leseni kwa kumwua nguruwe mwitu. Ruhusa hiyo ilimfaa nini mtu aliyenyang'anywa cha kumwulia? Sehemu kubwa ya nchi ile ikawa pori, na tangu mwaka 1922 ikajulikana kama Hifadhi ya Selous.

Waingereza waliendeleza utaratibu wa leseni, nao mafundi wa vijijini waliendelea kuunda gobori kwa siri. Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1945, ambayo baada ya uhuru tuliirithi, ilimtia hatiani mtu atembeaye hadharani na silaha, bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu. Twaipenda lugha hiyo kuliko ile ya Brussels, kwa kuwa humwuliza mtu anafanya nini na silaha yake, wala haimwulizi ametoka wapi.

Swali hilo lilirudi mwanzoni mwa miaka ya 1980, bunduki zilipozidi kuzagaa baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, na wezi wa ng'ombe wakawatesa wakulima wa Usukuma na Unyamwezi. Wanavijiji hawakungoja leseni ya bunduki. Walijiunga katika Sungusungu, kila mwanamume na upinde wake na mishale, na yowe liliposikika kijiji kimoja kilipokea wayo kutoka kwa kingine mpaka ng'ombe wapatikane. Baadhi yao waliwapiga na hata kuwaua washukiwa, na mahakama zikawashtaki. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha Sheria ya Mgambo, likawapa Sungusungu uwezo wa kukamata watu kama askari polisi. Wakaendelea na doria zao, pinde mabegani.