Picha ya zamani isiyo na majina ni bubu

Mwaka 1861 wasafiri kutoka Uingereza, John Speke na James Grant, walifika Karagwe kwa Omukama Rumanyika. Grant aliugua mguu, akabaki hadi 1862. Maisha aliyoyaona aliyachora kwa mkono na kuyaandikia maelezo, ndiyo maana michoro yake inaeleweka hadi leo.

Picha zetu za harusi na kipaimara hapa Kibingo nyingi hazina hata jina nyuma. Bibi akifariki, anaondoka nayo.

Msikilizaji, tunakushauri:

- Muulize mzee ni nani hao, wapi, mwaka gani.
- Andika nyuma kwa penseli, wino hupenya.
- Ipige kwa simu kivulini, bila flashi.
- Itunze kwenye bahasha, mbali na unyevu, jua na moshi wa jikoni.