Akiba ya kivinjari

Akiba ya kivinjari ni sehemu ya diski ambamo programu kama Chrome au Firefox huhifadhi kwa muda picha, fonti na maandishi ya kurasa zilizokwisha kufunguliwa. Ukurasa ukifunguliwa tena, nakala hizo husomwa papo hapo badala ya kupakuliwa upya.

Kwa mkazi wa Songea, hilo si jambo dogo. Mji huu uko zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, zinakotua nyaya za baharini za SEACOM na EASSy, na wengi hupimiwa intaneti kwa bando. Nyaya hizo zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, mtandao ulizorota nchini kote. Siku kama hiyo, kila faili lililokwisha kuwekwa akiba ni mzigo mmoja pungufu wa kusafirisha.

Seva ndiyo hupanga umri wa nakala. Ukiisha, kivinjari huuliza kama faili limebadilika; kama bado ni lilelile, hujibiwa kwa namba 304 na faili halitumwi tena. Umri ukipangwa vibaya, anayesubiri matokeo ya mtihani anaweza kuonyeshwa ukurasa wa jana. Kwenye Windows, Ctrl na F5 hulazimisha upakuaji mpya.

Vidakuzi ni kitu kingine: hutunza kumbukumbu za kuingia kwenye akaunti. Katika kompyuta ya kukodi ya stendi au sokoni, vyote viwili vifutwe kabla ya kuondoka.