Prester John: Mfalme Feki Aliyeingia Marvel Nyuma ya Black Panther

Wewe ni fan wa Marvel na hujawahi skia Prester John? Tulia hapa kidogo.

Kitambo, kama 1165, barua ilianza kuzunguka Ulaya. Ati imetoka kwa mfalme Mkristo huko mashariki, tajiri kuliko wote, akimringia Kaisari Manuel wa Constantinople. Barua ilikuwa feki, lakini watu waliingizwa box vibaya. 1177 hata Papa Alexander III alimwandikia! Walipomkosa Asia, Wazungu wakamhamishia Ethiopia, nchi iliyokuwa na wafalme wake halisi na majina yao. Watawa Wahabeshi walipofika Florence 1441, walishangaa kuskia mfalme wao akiitwa Prester John. Na 1498 mabaharia wa Vasco da Gama walikuwa bado wanaskia habari zake Msumbiji, kabla wafike Mombasa na Malindi.

Sasa ruka hadi 1966. Stan Lee na Jack Kirby wanamfufua kwa Fantastic Four namba 54: jamaa wa enzi za kati, amelala karne kibao kwa kiti cha ajabu, silaha yake inaitwa Evil Eye. Human Torch anamkuta akitoka wapi? Wakanda. Namba 52 na 53 ndizo zilizomleta Black Panther.

Yaani mfalme aliyebandikiwa Afrika anatokea tu baada ya T'Challa, na bado amechorwa Mzungu. Si ajabu ni T'Challa aliyepata muvi. Ukizipata hizo komiki, anzia 52, usiruke.