Mung'unye katika ufinyanzi

Mung'unye ni mboga ya jamii ya maboga. Likichumwa changa hupikwa, likikomaa na kukauka huwa kibuyu. Katika sanaa ya udongo, umbo lake linaonekana wazi kwa Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, akahamia Uingereza mwaka 1971 na kujifunza pia Abuja ya zamani (leo Suleja), Nigeria. Vyombo vyake hujengwa kwa mkono bila gurudumu na kusuguliwa hadi ving'ae bila rangi ya kioo. Moto wenye hewa ya kutosha huvipa wekundu, uliobanwa hewa huvipa weusi. Tumbo nene, shingo ndefu iliyopinda kidogo: hayo ni ya kibuyu.

Wapo wanaosema huo ni mwili wa mwanamke, si mmea. Hoja ina uzito, lakini haiuondoi mmea: chungu chenyewe hutajwa kwa tumbo, shingo na mdomo, na kibuyu vilevile. Wengine wataona mzaha tu kugeuza mboga kuwa sanamu. Pwani ya Malindi na Kilifi inawajibu vizuri. Wagiriama hutia pombe ya mnazi kibuyuni, na magofu ya Gedi, aliyoanza kuyachimbua mwanaakiolojia James Kirkman mwaka 1948, yalitoa vyungu vya kienyeji pamoja na kaure ya China. Kaure ilisifiwa zaidi (huenda kwa sababu ilitoka mbali), ilhali mfinyanzi asiyekuwa na gurudumu huenda aliongozwa mkono na umbo la duara, na shamba lilikuwa nalo tayari.