Uhifadhi Maana Yake Nini? Sentensi Moja ya Mkataba wa Antaktika

Mwishoni mwa miaka ya 1960 meli za Kisovieti zilianza kuvua kwenye maji ya South Georgia, kusini mwa Atlantiki. Misimu michache tu, na samaki wa aina ya Notothenia rossii wakawa wamekaribia kwisha. Meli zikageukia krili, kiumbe mdogo wa jamii ya kamba ambaye ni chakula cha nyangumi, sili na pengwini. Hofu ya krili nao kumalizwa ndiyo iliyoleta mkataba wa Canberra wa Mei 1980, ulioanza kutumika Aprili 1982.

Kifungu cha 2 kinataja lengo: uhifadhi. Sentensi inayofuata inasema uhifadhi unajumuisha matumizi ya busara. Nchi zinazovua, hasa Urusi na China, huishikilia sentensi hiyo kama haki yao ya kuvua. Lakini tukiendelea kusoma tunakuta masharti: idadi ya viumbe isishuke hadi washindwe kujazana upya, uhusiano wa kiumbe na kiumbe utunzwe, na yasifanyike mabadiliko yasiyoweza kurekebishika ndani ya miongo miwili au mitatu. Kwa maoni yetu, ruhusa ya kuvua ipo, ila imefungwa ndani ya masharti hayo. Anayeinukuu peke yake anasoma nusu ya kifungu.

Kiswahili nacho hakituokoi hapa. Tunahifadhi mahindi ghalani ili tuyale, na tunahifadhi Serengeti ili isiguswe. Kitenzi ni kilekile.

Utata huu usingekuwa na uzito kama kura zingehesabiwa. Kifungu cha 12 kinataka maamuzi makubwa yapitishwe kwa maafikiano, kwa hiyo nchi moja ikikataa, basi. Eneo la hifadhi la Bahari ya Ross, kilomita za mraba milioni 1.55, lilikubaliwa Hobart mwaka 2016 baada ya miaka ya mabishano, na likapewa ukomo wa miaka 35 tangu Desemba 2017. Mapendekezo ya Antaktika Mashariki na Bahari ya Weddell yamekwama, Urusi na China zikiyapinga. Na mwaka 2052, wanachama wasipoafikiana upya, hifadhi ya Ross nayo itakoma.