Kifaru cha Kisovieti Ubaoni: Historia ya Usahihi Katika Michezo ya Vita

Jeshi Jekundu lilikikubali rasmi kifaru cha T-34 tarehe 19 Desemba 1939. Mwaka 1970 kifaru hichohicho kiligeuka kete ya karatasi ngumu, yenye upana usiozidi ukucha wa kidole gumba, ndani ya sanduku la mchezo wa PanzerBlitz uliochapishwa na kampuni ya Avalon Hill mjini Baltimore, Marekani. Juu ya kete palichorwa umbo la kifaru, na kando yake tarakimu chache: nguvu ya mashambulizi, umbali wa kupiga, uwezo wa kujilinda na mwendo. Swali la iwapo tarakimu hizo zilisema kweli limewashughulisha watunzi na wachezaji tangu hapo. Jibu lake limebadilika kila mara nyaraka mpya za vita zilipofunguliwa.

Michezo ya vita ni mikongwe kuliko vifaru. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Georg Heinrich von Reisswitz, alichapisha kanuni za Kriegsspiel. Katika mchezo huo maofisa walisogeza vipande juu ya ramani ya kweli, dadu zikaamua hasara, na mwamuzi akasimamia haki. Tangu mwanzo sharti lilikuwa moja: tarakimu zitokane na majaribio ya silaha yenyewe. Reisswitz alitumia takwimu za shabaha za bunduki na mizinga ya jeshi lake, na kwa kuwa silaha zilikuwa za kwao, takwimu zilikuwa mkononi. Mchezo ulipoingia madukani miaka ya 1950, kupitia Charles S. Roberts aliyeanzisha Avalon Hill, sharti lilibaki lakini hali ilikuwa tofauti. Mmarekani aliyetaka kutunga mchezo wa vita vya Urusi alilazimika kuandika tarakimu za jeshi ambalo makabati ya nyaraka zake yalifungwa kwa kufuli.

Pengo hilo lilizibwa na Wajerumani. Baada ya mwaka 1945 jeshi la Marekani liliwaagiza majenerali wa Kijerumani waliokuwa mateka, chini ya uongozi wa Franz Halder, waeleze kwa maandishi walivyopigana upande wa mashariki. Halafu zikafuata kumbukumbu zao binafsi: za Heinz Guderian, za Erich von Manstein mwaka 1955, na za F. W. von Mellenthin mwaka 1956. Vitabu hivyo viliandikwa vizuri, vilitafsiriwa kwa Kiingereza, na vilijaa masimulizi ya ufundi wa vita. Lakini waliviandika watu walioshindwa na waliokuwa na sababu ya kueleza kushindwa kwao. Humo askari wa Kisovieti ni umati usio na fikra, unaosonga mbele kwa wingi wake na kufa kwa wingi. Mtunzi wa mchezo aliyevisoma kwa nia njema kabisa aliibeba picha hiyo hadi kwenye kete.

PanzerBlitz, uliotungwa na James F. Dunnigan, unaonyesha jambo hilo waziwazi. Kete nyingi za Wajerumani ziliwakilisha platuni, na za Wasovieti ziliwakilisha kombania nzima. Mjerumani aligawa vikosi vyake vipande vidogovidogo na kuvituma pande zote, huku Msovieti akilazimika kusukuma kundi kubwa mahali pamoja. Kwa mwaka 1941 na 1942 uamuzi huo una msingi, maana makamanda wengi wa Kisovieti walikuwa wapya na vifaru vingi havikuwa na redio. Kwa mwaka 1944, wakati Operesheni Bagration ilipolivunja Kundi la Majeshi la Kati la Ujerumani ndani ya wiki chache, msingi huo ni dhaifu mno.

Katika hesabu za chuma na mizinga, watunzi wa mwanzo hawakuwa mbali na ukweli. T-34 iliyobuniwa na timu ya Mikhail Koshkin mjini Kharkov ilikuwa na bamba la mbele la milimita 45 lililolazwa kwa mwinamo mkali, kiasi cha nyuzi 60 kutoka wima. Kwa kombora linalokuja sambamba na ardhi, bamba hilo ni kama chuma chenye unene wa karibu maradufu. Injini yake ya dizeli ya V-2 ilitoa nguvu za farasi 500. Mzinga wa kwanza ulikuwa L-11 wa milimita 76.2, kisha F-34 wa kipenyo hichohicho wenye mtutu mrefu zaidi. Tarakimu hizi zilijulikana mapema kwa sababu vifaru vilitekwa na kupimwa, na zikihamishiwa kwenye kete hutoa mnyama wa kutisha, kifaru bora kuliko kila kilichokuwepo kiangazi cha 1941.

Hata hivyo maelfu ya T-34 na vifaru vizito vya KV yalipotea mwaka huohuo wa 1941. Mchezo unaohesabu milimita za chuma na mzinga peke yake hauwezi kueleza hasara hiyo. Sababu zake zimo katika mambo yasiyopimwa kwa rula.

La kwanza ni mnara wa mzinga. Katika T-34 ya awali walikaa watu wawili tu mnarani. Kamanda ndiye aliyekuwa pia mpiga mzinga: alipolenga shabaha, jicho lake lilikuwa ndani ya darubini na uwanja wote uliobaki ulikosa mtazamaji. Mwenzake wa Kijerumani katika Panzer III alikaa mnarani pamoja na watu wengine wawili, na kazi yake ilikuwa kutazama na kuamuru. Kasoro hiyo ilidumu hadi T-34-85 ilipoanza kutoka viwandani mwanzoni mwa 1944, ikiwa na mnara wa watu watatu na mzinga wa milimita 85. Mchezo unaozipa T-34 ya 1941 na ile ya 1944 kanuni moja ya kupiga, ukabadilisha nguvu ya mzinga tu, umeacha nje badiliko lililowasaidia wapiganaji kuliko yote.

La pili ni redio. Mwaka 1941 redio kamili ilikuwa hasa kwenye vifaru vya makamanda. Vingine vilifuata bendera na mwendo wa aliyetangulia, na kiongozi akipigwa, kundi lilibaki bila amri. Hapa mchezo wa Squad Leader wa John Hill, uliotoka mwaka 1977, pamoja na mrithi wake Advanced Squad Leader wa 1985, ulipiga hatua kubwa. Katika mchezo huu wa pili, ambapo kila pembesita ya ubao ni mita 40, vifaru visivyo na redio hulazimishwa kwenda kwa kundi, vikikaa karibukaribu. Kanuni hiyo fupi inaonyesha udhaifu wa 1941 kwa uaminifu zaidi kuliko kupunguza tarakimu za deraya, kwa sababu inaiacha T-34 na ubora wake wa kweli na kumpa mchezaji tatizo lilelile alilokuwa nalo kamanda wa platuni.

Hill alitunga kwa kuangalia matokeo. Aliuliza jambo fulani lilileta nini vitani, kisha akatafuta kanuni itakayoleta hicho. Askari wake wa miguu ni mfano mzuri. Kikosi cha kawaida cha Kisovieti chenye bunduki za Mosin-Nagant kina tarakimu 4-4-7, yaani nguvu ya risasi, umbali na moyo wa kupigana. Kikosi chenye rashasha za PPSh-41 kina 6-2-8: risasi nyingi, moyo mkubwa, lakini umbali wa pembesita mbili tu, ambazo ni mita 80. Anayeijua PPSh-41 hawezi kubisha. Rashasha hiyo ya Georgy Shpagin ilitumia risasi ya bastola ya milimita 7.62, ilifyatua kiasi cha risasi 900 kwa dakika, na kasha lake la mviringo lilibeba 71. Ndani ya magofu ya Stalingrad ilikuwa silaha ya kuogofya, na kwenye tambarare ilizidiwa na bunduki ya kawaida. Wasovieti waliunda kombania nzima za wenye rashasha, kwa hiyo kete hiyo inawakilisha kikosi kilichokuwepo kweli. Mchezo huo una pia makomisaa, maofisa wa siasa, wanaowapa askari ujasiri, lakini kanuni zinawaondoa kuanzia mwishoni mwa 1942. Hilo linakubaliana na amri ya tarehe 9 Oktoba mwaka huo iliyowavua makomisaa mamlaka ya kuamuru pamoja na makamanda.

La tatu ni ubora wa chuma na wa kombora. Deraya ya T-34 ilitengenezwa kwa chuma kigumu sana. Kilizuia vizuri makombora madogo, lakini kilipopigwa na kombora zito kiliweza kupasuka au kurusha vipande ndani hata pale kombora lisipopenya. KV ilitumia chuma laini zaidi. Viwanda navyo vilitofautiana. Baada ya kiwanda cha Kharkov kuhamishiwa Nizhny Tagil, T-34 zilitoka pia Stalingrad, Gorky, Chelyabinsk na kwingineko, kila kiwanda na mazoea yake. Uhaba wa mpira uliilazimu Stalingrad kufunga magurudumu ya chuma kitupu. Makombora ya kutoboa deraya ya milimita 76 yalikuwa haba mwaka 1941, na mengine yalivunjika yalipogonga bamba gumu badala ya kupenya.

Kuna pia mtego wa majedwali. Kila jeshi lilipima upenyaji kwa kanuni yake. Wamarekani walihesabu kombora kuwa limefaulu pale nusu ya mapigo yalipopenya, ilhali kipimo rasmi cha Wasovieti kilidai sehemu kubwa zaidi. Mtunzi anayechukua milimita za jedwali la Kisovieti na kuziweka kando ya milimita za jedwali la Kimarekani bila kuzirekebisha ameshaudhoofisha mzinga wa Kisovieti kabla dadu haijarushwa. Kosa hili lilirudiwa katika vitabu vingi vya marejeo, na michezo ikalirithi. Kompyuta zilisaidia kulipunguza: Combat Mission: Barbarossa to Berlin wa mwaka 2002 ulihesabu kila kombora peke yake, ukizingatia mwinamo wa bamba, umbali na ubora wa chuma chenyewe.

Ukosefu wa uimara wa mitambo ni vigumu zaidi kuuchezesha. Mwaka 1942 Wasovieti walipeleka T-34 moja na KV-1 moja kwenye uwanja wa majaribio wa Aberdeen, Marekani. Wapimaji walisifu darubini na umbo la T-34, lakini chujio la hewa lilikuwa baya kiasi kwamba injini iliharibika baada ya kilomita 343. Katika mchezo wa vita unaodumu dakika 20 za uwanjani, kasoro hiyo haionekani kamwe. Katika vita halisi iliamua ni vifaru vingapi vingefika uwanjani.

Kuanguka kwa Muungano wa Kisovieti mwaka 1991 kulifungua nyaraka. Mwaka 1993 timu ya G. F. Krivosheev ilichapisha takwimu za hasara, zikiwemo za vifaru na mizinga ya kujiendesha zaidi ya 96,000. Mwanahistoria wa Kimarekani David Glantz naye aliandika vita hivyo akitumia nyaraka za Kirusi. Ukweli uliofichuka haukuupendelea upande mmoja. Mfano mashuhuri ni mapigano ya vifaru ya Prokhorovka, tarehe 12 Julai 1943. Masimulizi ya Kisovieti, yaliyoanzia kwa Pavel Rotmistrov aliyeliongoza Jeshi la 5 la Vifaru la Walinzi, yalizungumzia makundi ya vifaru vya Kijerumani vya Tiger na Panther yaliyoteketezwa. Nyaraka zimeonyesha kwamba Tiger zilizokuwa tayari katika divisheni tatu za SS zilikuwa chini ya 20, kwamba Panther haikuwepo hata moja, na kwamba vifaru vingi vya Kisovieti vilikwama kwenye handaki lililochimbwa na Wasovieti wenyewe kuzuia vifaru vya adui. Mwanahistoria Mrusi Valeriy Zamulin ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo ya kuchambua. Mchezo wa Prokhorovka uliotungwa kwa hesabu za zamani ni mchezo wa mapigano ambayo hayakutokea.

Kosa la namna nyingine ni la wakati. Kifaru cha IS-3, chenye pua iliyochongwa mfano wa mkuki, kinapendwa sana na wachezaji, na katika World of Tanks, mchezo wa intaneti uliotengenezwa Minsk na kutolewa mwaka 2010, hupambana na Tiger kila siku. Kwa kweli dunia ilikiona mara ya kwanza katika gwaride la washindi mjini Berlin tarehe 7 Septemba 1945, Ujerumani ikiwa imesalimu amri miezi minne kabla. Kinyume chake, vifaru vya Sherman zaidi ya 4,000 ambavyo Marekani iliupa Muungano wa Kisovieti, na ambavyo vilipigana hadi mwisho wa vita, mara nyingi vimeachwa nje ya sanduku.

Michezo ya Vita Baridi ilikuwa na ugumu wake. Vifaru vya Kisovieti vya T-64 na T-72 vilifichwa, na tarakimu zilikuwa makisio ya majasusi. Mwaka 1991 vifaru vya T-72 vya Iraki viliteketea kwa urahisi jangwani katika vita na Marekani, na michezo mingi ikashusha thamani ya vifaru vya Kisovieti vyote. Hukumu hiyo ilikuwa ya haraka. T-72 za Iraki zilikuwa za kuuzwa nje, zenye deraya hafifu kuliko za Jeshi la Kisovieti, na walioziendesha hawakuwa na vyombo vya kuonea usiku vinavyolingana na vya Wamarekani. Majaribio yaliyofanywa baadaye na nchi za Magharibi yalionyesha kwamba deraya ya mlipuko ya Kontakt-5 ingeweza kuyazuia makombora yaliyotegemewa na NATO miaka ya 1980.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake kuhusu silaha hizi. Katika Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda, jeshi la Idi Amin na askari wa Libya walioletwa kumsaidia walikuwa na T-55 za Kisovieti. Tanzania ilikuwa na Type 59 za Kichina, zilizotokana na T-54, ndugu wa karibu wa T-55, pamoja na mitambo ya roketi ya BM-21. Kwenye ubao, kete za vifaru hivyo viwili zingekuwa na tarakimu zinazokaribiana sana. Huko Lukaya, nchini Uganda, tarehe 10 Machi 1979, Brigedi ya 201 ya Tanzania ilirudishwa nyuma na safu ya Walibya na Waganda. Usiku huo Brigedi ya 208 ilizunguka na kutokea nyuma ya adui kwenye barabara ya Kampala, na asubuhi iliyofuata ikashambulia kutoka upande huo huku Brigedi ya 201 ikishambulia kutoka mbele. Mtunzi atakayetaka kuonyesha siku hizo mbili atahitaji kanuni za mwendo wa usiku, za hofu ya kikosi kilichozingirwa, na za makamanda walioweza kukusanya askari waliotawanyika.